Maluba

Leo asubuhi, sokoni Nchelenge, nimesikia harufu ya kikanda kikiiva na karanga, na miguu ikasimama yenyewe.

Zamani, tulipokuwa watoto, tulikuwa kwenye vakansi, shule imefungwa. Mama ya rafiki yangu alitupandisha mulimani kuchimba kikanda, ile mizizi inayokaa chini ya maua ya porini. Njiani rafiki yangu alinifundisha Kibemba chake: maua ni maluba. Kwenye kijito tukaona nyayo za chui, mbichi kabisa. Mama akatukataza kuachana.

Tukaachana. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye udongo mweusi niliposikia sauti ya rafiki yangu, mbali, ndani ya majani marefu: "Naluba."

"Leta," nikajibu, nikifikiri amepata maua.

Akaita tena, nikajibu tena kwa ukali. Kila mara sauti ilikaribia, mpaka akatokea, uso umelowa machozi, mikono mitupu.

"Maluba iko wapi?" nikamuuliza.

Mama yake akaja mbio, akamkumbatia muda mrefu. "Naluba ni kusema nimepotea, mutoto wangu," akaniambia. "Alikuwa anafuata sauti yako."

Sasa, hapa sokoni, ni yule rafiki yangu anauza kikanda. Namsalimu, ananikatia kipande bila kuinua kichwa.

"Naluba," anasema.

"Leta," namjibu.