Riwaya Iliyosikika Kupitia Ukuta

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya vitabu nilikabidhiwa ufunguo, kasha la mbao na fimbo ya kufukuzia panya. Aliyenikabidhi alikuwa Afisa wa Ustawi wa shamba, mama wa kutoka Soin aliyevaa gambuti kila siku, hata kanisani. Shamba lilikuwa la chai, nje kidogo ya mji wa Kericho, na mimi nilikuwa mpasua kuni za boila.

"Umefika darasa la ngapi?" akaniuliza.

"La sita, madam. Sikumaliza."

"Na wanaoniambia unasoma hata gazeti lililofungiwa sukari?"

"Hayo nayo ni maandishi, madam."

Hakucheka. "Sikiliza, Langat. Tuliletewa riwaya, zimekaa stoo zinaliwa na panya. Watu wanaazima Biblia na kitabu cha kufuga ng'ombe, basi. Wa kulinda vitabu ninaye, ni kufuli. Nataka mtu wa kuwatia watu hamu."

Wakati huo sikuwa nimekaa kazi moja miaka miwili. Nilizaliwa Chebunyo, nikachunga ng'ombe, nikaacha shule, nikakata miwa chini ya Fort Ternan, nikauza chumvi ya mifugo Soin. Kila mahali nilihama kwa sababu nilitaka kujua kilicho nyuma ya kilima kinachofuata. Kazi ya riwaya ndiyo iliyonituliza, kwa maana kila kasha lilikuwa na vilima vyake.

Niwaeleze vijana tulivyofanya. Kasha lilipandishwa kwenye trela ya trekta ya majani, likaenda kambi kwa kambi. Kambi ni zile safu za nyumba za wafanyakazi: paa moja refu la mabati, vyumba vimegawanywa kwa ukuta wa mbao usiofika juu, hata jirani akikohoa unamwambia pole. Kwenye banda la kupimia majani, wachumaji wakiwa kwenye foleni na vikapu mgongoni, nilifanya tulichokiita kuonjesha. Nilifungua riwaya, nikasoma kwa sauti mpaka mahali pa utamu, kisha nikafunga. Watu walinitukana. "Langat, wewe ni mchawi! Aliingia au hakuingia?" Nami niliwaambia kitabu ni bure, njoo na kadi.

Kumshauri mtu riwaya nzuri si kumpa ile uliyoipenda wewe. Sikumwuliza mtu anapenda hadithi gani, kwa sababu wengi hawajui. Nilimwuliza, "Jirani akigombana na mkewe, wewe husikiliza upande wa nani?" Jibu lilinitosha. Mjane mmoja wa kambi ya juu, ambaye wote walidhani anahitaji hadithi za kumfariji, nilimpa riwaya ya wizi wa kutumia silaha. Alirudi akitaka nyingine yenye wizi mkubwa zaidi. Askari wa geti, mtu wa ndevu na rungu, alitaka mapenzi tu.

Tena vitabu vyenyewe vilinisimulia. Mchumaji wa chai ana vidole vyeusi kwa utomvu wa majani, hata akisugua kwa jiwe. Kwa hiyo kila ukurasa uliosomwa ulikuwa na doa pembeni. Madoa yakiisha katikati ya kitabu, nilijua riwaya hiyo inachosha, hata kama nyuma imesifiwa na maprofesa. Yakifika mwisho, niliionjesha kambi nyingine.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa shamba jingine, upande wa Bomet. Huko bosi wangu alikuwa Meneja Msaidizi, mtu mpole aliyeogopa kelele kuliko moto. Ilikuwa miaka ya tisini, uchaguzi ukikaribia, na hewa ilikuwa mbaya. Watu wa kutoka kando ya ziwa, wengine wamezaliwa humo kambini, walianza kuulizwa kwao ni wapi. Sokoni sentensi zilikatika ukikaribia.

"Langat," Meneja Msaidizi akaniambia, "kipindi hiki wape watu vitabu vya kuchekesha. Sitaki hadithi za mashamba na mipaka."

"Mtu mwenye hofu ukimchekesha, bwana, hofu inamngoja mlangoni."

"Mimi nimesema."

Alisema, lakini alikuwepo Kiprono. Kiprono alikuwa fundi wa boila, kijana mwenye sauti nzuri. Jioni na siku za mapumziko watu walijaa chumbani kwake awasomee. Ukuta mmoja wa chumba chake ulikuwa pia wa Mama Awuor, mchumaji, mtu wa kando ya ziwa, ambaye ndiye aliyemzalisha mke wa Kiprono siku ambulensi ilipokwama kwenye matope. Sasa nikamsikia Kiprono akianza kusema "hawa watu." Alikuwa akilijaribu neno hilo mdomoni kama kiatu kipya.

Nikampa kitabu ambacho jalada lake lilikuwa limetoka, nasi tulikiita Kile cha Mto. Kinahusu vijiji viwili vinavyotumia mto mmoja, na kijana anayeingia kwenye mkutano wa siri wa kuchoma nyumba za ng'ambo. Niliona kwamba hicho ndicho kitabu chake. Nilimwambia tu, "Kisome mpaka mwisho kabla hujakirudisha."

Siku iliyofuata, Alhamisi, Kiprono alikuwa mapumzikoni. Alasiri mvua ikashuka kama inavyoshuka kwetu, yenye mawe, mabati yakalia. Chumbani walikuwamo mkewe, mtoto na wenzake wawili wa kiwandani. Ili asikike, Kiprono alisoma kwa kupiga kelele. Akafika pale kiongozi wa mkutano anapotoa amri. Wakati huohuo mvua ikakatika ghafla, kama mtu amefunga bomba, na kambi nzima ikasikia sauti ya Kiprono: "Jumamosi, ng'ombe wakishakamuliwa, hakuna nyumba ng'ambo ya mto itakayobaki na paa!"

Wenzake wakampigia makofi.

Nyumba za watu wa kando ya ziwa zilikuwa upande wa chini, kuvuka kijito. Mama Awuor alikuwa mmoja wa wachache waliokaa upande wa juu. Alikuwa akichambua omena, wale dagaa wa ziwani, nusu hatua kutoka kwenye ule ukuta.

Trekta iliponifikisha na kasha langu, nilikuta magodoro nje kwenye matope. Wanaume wa upande wa chini walikuwa wamesimama karibu na bomba la maji, mapanga mikononi. Upande wa juu milango ilikuwa imefungwa, lakini mapengo ya madirisha yalikuwa na macho, na niliona ncha ya upinde. Nyapara, yaani msimamizi wa wachumaji, alikuja akikimbia.

"Meneja ameita polisi, lakini gari halipandi hiki kilima leo. Wewe rudi!"

Nikaenda kwa Mama Awuor. Alikuwa akifunga sufuria kwa leso.

"Bwana vitabu, pita tu. Leo si siku ya hadithi."

"Kuna nini, mama?"

"Muulize Kiprono. Mtoto wake alitua mikononi mwangu. Leo anaitisha mkutano wa kunichomea, na wanampigia makofi!"

"Amesema Jumamosi?" nikauliza. "Ng'ombe wakishakamuliwa?"

Aliacha leso. "Na wewe umejua aje?"

Hapo ndipo nilipojua nimekosea kufungua mdomo. Mwanamume mmoja akasogea. "Omera, ndugu, huyu anajua siku! Huyu alikuwa nao!" Wengine wakanizunguka. Mimi ni Mkipsigis kama Kiprono, jina langu lilitosha kuwa ushahidi.

"Ni kitabu," nikasema.

"Kitabu gani kinapanga Jumamosi?"

"Kiprono!" nikaita. "Toka na kitabu!"

"Nitoke niuawe?" sauti ikajibu kutoka ndani.

Mlango ukafunguka. Aliyetoka kwanza alikuwa mkewe, mtoto kifuani, kitabu mkononi. Alivuka ule uwanja mdogo wa matope peke yake, akasimama mbele ya Mama Awuor. Kiprono aliona haya, akamfuata. Wale wenzake wawili hawakutoka.

Nikamwambia Kiprono asome palepale. Akaanza kwa kunong'ona.

"Soma vile ulisoma!" Mama Awuor akamfokea. "Sauti ile ile!"

Kiprono akapaza sauti. Amri ya Jumamosi ikapita juu ya vichwa vyetu mara ya pili. Hakuna aliyepiga makofi. Kijana mmoja akachungulia ukurasa, akafuata mistari kwa kidole, akawaambia wenzake kwa Kijaluo kwamba kweli imeandikwa. Mapanga yakashuka kidogo, si sana.

"Na baadaye?" Mama Awuor akauliza. Alikuwa ananitazama mimi. "Hizo nyumba zilipona?"

Nyapara akanibana kiwiko, akaninong'oneza, "Sema zilipona. Langat, sema zilipona tuende nyumbani."

Mtu wa kuonjesha hasimulii mwisho. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yangu ya kazi. Lakini siku hiyo sikuzuiwa na sheria. Huyu mama alikuwa anataka kuamua kama watoto wake walale pale au watembee matopeni. Nikimpa mwisho wa uongo, angelala juu ya uongo wangu. Na kitabu kilikuwa pale, mtu yeyote angeweza kukifungua.

"Hapana, mama," nikasema. "Zilichomwa."

Mtu akapiga panga kwenye bomba, ngaa! Kule juu dirisha likafunguka.

"Soma mwisho," nikamwambia Kiprono. "Haraka."

Hakuwa ameufikia bado. Alisoma kama mtu anayevuka daraja asilolijua: nyumba zikiteketea, yule kijana akirudi kwao kifua mbele, asimkute mama yake. Anamtafuta mpaka asubuhi. Anamkuta ng'ambo ya mto, ameketi kwenye majivu ya nyumba ya rafiki yake. Anamletea uji, mama haupokei. Anamletea maji, hayapokei. Anamwita, naye anauliza, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Hapo Kiprono akamkabidhi mkewe kitabu. Mkewe akamalizia ukurasa, kwa shida, akiunganisha silabi.

Kisha Mama Awuor akasema, "Sawa. Ni kitabu. Sasa niambie, Kiprono. Walipiga makofi ya nini?"

"Mimi sikupiga, mama. Nilikuwa nasoma."

"Sijauliza wewe. Waliopiga, walikuwa wanapigia nini?"

Kiprono akatazama mlango wake, ambako wale wawili walikuwa bado wamejificha.

"Labda sauti yangu," akasema. Akafikiri. "Sijui, mama. Kweli sijui."

Nadhani hilo jibu ndilo lililotuokoa. Angeapa, wasingemwamini. Mwenye panga akaliweka begani, akaanza kushuka, na wengine wakamfuata.

Mama Awuor alirudisha godoro ndani. Hata hivyo asubuhi aliwapeleka watoto kwa nyanya yao kando ya ziwa, kisha akarudi peke yake kuchuma. Jumamosi Kiprono alibadilishana zamu. Kuanzia saa ya kukamua alikaa mbele ya nyumba ya Mama Awuor, akipigilia misumari kwenye mlango ambao haukuwa mbovu, mpaka giza.

"Huo mlango umekukosea nini?" mama akamwuliza.

"Umelegea, mama."

"Umelegea wapi? Haya, pigilia. Ukipasua mbao utalipa."

Hakuna aliyekuja. Watoto walirudi baada ya uchaguzi, isipokuwa binti mkubwa, Awuor mwenyewe. Alisema hawezi tena kulala mahali anaposikia watu wakisoma.

Meneja Msaidizi alinihamishia stoo ya mbolea kwa kukaidi amri, na sikumlaumu. Afisa wa Ustawi wa zamani alinirudisha Kericho baadaye, nikaendelea na kasha mpaka nilipostaafu.

Sasa vijana hunijia nyumbani wakitaka niwashauri riwaya nzuri. Juzi mwalimu mmoja aliomba ambayo haitaleta shida darasani. Nilimwambia ya namna hiyo sijawahi kuiona ikiwa na madoa mpaka mwisho. Nikampa yenye nguvu, nikamwambia asiwakataze wanafunzi kupiga makofi. Wakipiga, afunge kitabu, awaulize walikuwa wanapigia nini, na asiwe na haraka ya kupata jibu.