Vilemba vya Sendofu

Ukitaka kumuudhi Josepha, mwambie bluu mbili zinafanana. Anauza vitambaa vya jumla Mtaa wa Tandamti, Kariakoo, tangu bintiye Vicky yuko tumboni, na kutwa huwaburuta wateja hadi nje wakatazame kitambaa juani, maana taa za dukani, kwa maneno yake, ni waongo kuliko madalali. Macho yake aliyaamini kuliko alivyomwamini mumewe. Mumewe alishazoea.

Mchana wa sendofu ya Vicky, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, mashangazi na mama wadogo walijazana chumbani kwa Josepha, ghorofani Mchafukoge, wakivaa. Sare ziligawanywa kama ilivyo kawaida: upande wa baba njano, upande wa mama bluu, na wote vilemba vya kijivu, ncha zikining'inia mabegani. Vilemba vilitoka kwa Nasreen, ambaye duka lake limepakana na la Josepha, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Nasreen mwenyewe alikuwepo, pini mdomoni, akiwafunga mmoja mmoja.

Josepha alipojitazama kwenye kioo, kilemba chake kilikuwa cha manjano-manjano, kama shuka la gesti. Akamgeukia wifi yake Agnesi, ndani ya gauni lake la njano. Cha Agnesi kijivu safi, chenye ubluu wa heshima kabisa. Josepha akapandwa na hasira.

"Nasreen! Yaani upande wa mume wangu umewapa kipya, mimi umenipa kilichochujuka?"

"Jora moja hilo, shoga. Nimekata mwenyewe."

"Jora moja wapi! Mimi wa kudanganywa rangi?"

Akamkokota Agnesi hadi kibarazani, juani. Huko ndiko tofauti ilikozidi. Wanawake wote wakachungulia, wote wakaiona.

"Umezoea kuwapiga wateja, leo umenipiga mimi," Josepha akasema.

Wakarudi chumbani. Nasreen akatemea pini kiganjani, akachukua mkoba wake. Josepha alijua kabisa kwamba akitoka mlangoni yule harudi, si leo wala kesho, na watabaki kupishana sokoni kama hawajuani. Alijua, na bado akampisha njia.

Mlangoni Nasreen akageuka. "Kabla sijaondoka, vua hicho kilemba."

Hapo Josepha alisita. Chini yake kulikuwa na nywele alizozifumua juzi, akakosa nafasi ya kusuka. Lakini kwa hasira aliyokuwa nayo akakivua hivyo hivyo, na Agnesi akavua chake. Nasreen akavitandaza kwenye shuka jeupe, kimoja kikigusana na kingine. Hakuna aliyeweza kusema kipi cha nani.

Josepha akaokota kimoja, chochote kile, akakiweka begani kwake juu ya bluu. Manjano. Akakihamishia kwa Agnesi. Ubluu. Akakirudisha, kimechujuka tena, akakihamisha tena, mpaka Agnesi akalalamika anatekenywa. Anajua ni kitambaa kimoja na macho bado yanamgomea! Miaka yote hiyo alilaumu taa, kumbe jicho haliitazami rangi peke yake, linaipima kwa jirani yake. Bluu ya gauni inakisukuma kijivu kwenye umanjano, njano inakisukuma kwenye ubluu, na jua lote la Kariakoo haliwezi kulisaidia.

"Ni macho, Nasreen," akasema, nywele zimesimama huku na huku. "Yamenidanganya. Nisamehe."

"Ya rangi nimekusamehe, hata mimi naona hivyo hivyo. Ila mimi kuwa mwizi, hilo uliliona kwa jicho lipi?"

Aibu ilimshika Josepha mpaka machozi yakaanza kuosha wanja aliopakwa kwa saa nzima.

Nasreen akaweka mkoba chini, akamkalisha kwenye kiti, akaanza kumfunga upya, akivuta kitambaa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Pini ya kwanza ilimchoma kichwani. Ya pili nayo ikamchoma, na Josepha akamwinamishia kichwa aendelee.