Mchezaji wa Kila Fasi

Leo binti wa jirani amepita mlangoni akinukia dawa ya kuchua, ile ya kafuri, na miguu yangu ikapata moto.

Nilichezea timu ya wasichana ya mtaa wetu, mjini Baraka. Kipa akiugua, nilidaka. Beki akipelekwa shambani kulima muhogo, nilikaba mimi. Kocha alikuwa yaya, kaka yangu mkubwa. "We iko muchezaji wa kila fasi," alinisifu mbele za watu.

Siku ya fainali kule Nundu, wachezaji wote walikuja, hata wagonjwa. Yaya akagawa jezi mpaka zikaisha.

"Na mi?"

"Leo kila fasi iko na mwenyewe, mudogo yangu. Uchunge bilato byabo."

Nikakaa kando ya rundo la viatu vyao walivyovua. Miguu nilikuwa nimeshaipaka dawa.