Bibi yangu aliumwa koo enzi za Mjerumani, akaandikwa namba tisa na kupelekwa karantini

Wakuu, hodi humu ndani. Wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu habari za mihangaiko.

Hili ninaloleta si chai. Sikulipata kijiweni na sijalipamba. Nililisikia kwa mdomo wa aliyelipata, naye ni bibi yangu mzaa baba, aliyenilea pale Baleni. Ameshatangulia mbele za haki, sina sababu ya kumsingizia.

Kwanza mnijue kidogo. Kazi yangu ni kuingiza code za magonjwa kwenye system, katika kituo kimoja cha afya hapa hapa Mafia. Daktari anaandika, mimi nageuza kuwa code.

Ukija na koo linauma na hakuna kipimo zaidi, nakuandika J02.9. Maana yake koo limeuma ghafla, chanzo hakijabainishwa. Ukiwa na dondakoo, ule ugonjwa wa kuambukiza unaoota utando na kuziba koo, hiyo ni A36.0. Ni vitu viwili tofauti kabisa, ingawa siku ya kwanza vinaweza kufanana.

Wengi wanadhani mambo haya yamekuja na kompyuta. Mimi nilikuwa nimeshayasikia kabla sijaiona kompyuta hata kwa picha.

Haya, tuingie.

Ni enzi za Mjerumani, kabla hajaingia vitani na Mwingereza. Bibi, jina lake Rukia, alikuwa mke kijana na mwanawe wa kwanza alikuwa bado ananyonya. Mtoto huyo ni shangazi yangu Mwanaidi. Mumewe, yaani babu yangu, alikuwa safarini kuuza mbata, zile nazi kavu. Bibi alikuwa akiishi na mama mkwe wake.

Kipindi hicho dondakoo lilikuwa limeingia kisiwani. Watoto walikuwa wanakufa. Daktari wa Kijerumani akatuma wasaidizi wake wapite nyumba kwa nyumba.

Wasaidizi wale walikuwa Waswahili wenzetu. Kila ugonjwa walikuwa wamepewa namba yake. Dondakoo lilikuwa tisa. Koo la kawaida, hili la kuuma na kupona, lilikuwa mia.

Bibi aliamka asubuhi koo linamuuma, ana homa kidogo. Siku hiyo hiyo msaidizi akapita.

Akamwambia afungue kinywa, akamkandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko, akatazama. Halafu akatoka nje akaandika 9 kwa chokaa kwenye mlango.

Mama mkwe akamfuata. "Tisa ndiyo nini, mwanangu?"

"Dondakoo, mama."

"Umeliona?"

Yule kijana akasita. "Nimeona wekundu. Sijaona utando."

"Sasa mbona umeandika?"

"Tumeambiwa, mama. Wakati huu koo lolote lenye homa ni tisa. Likiwa silo, atarudi."

Wakuu, hapa nisimame kidogo. Mimi kwa kazi yangu siwezi kumlaumu sana kijana yule. Ugonjwa unaua, huna kipimo, unachagua kosa lenye hasara ndogo. Hata leo tungefanya hivyo hivyo. Lakini hasara ndogo nayo huwa na mtu wake wa kuibeba.

Bibi alimnyonyesha Mwanaidi akiwa amejifunga kitambaa puani na mdomoni, kisha mama mkwe akamchukua mtoto. Jirani aliyekuwa amejifungua karibuni, Bi Mize, akakubali kumpa ziwa. Bibi akaondoka na mkeka, kanga na kibuyu cha maji.

Karantini ilikuwa kule Ras Kisimani, karibu na magofu ya mji wa kale. Kibanda kimoja cha makuti katikati ya vichaka. Mtu wa kuleta chakula alikiacha juu ya jiwe, akapiga kelele, akaondoka kabla hujafika.

Bibi alipofika alikuta kuna mwanamke ndani.

Akapiga hodi. Jibu lililotoka lilikuwa sauti ya kukwaruza, kama mtu anayeongea na mchanga kooni.

"Usiingie! Simama hapo hapo."

Bibi akasimama. Yule mwanamke akatoka kwa upande wa pili, anaburuta mkeka wake, akaenda kuutandika kwenye kivuli cha ukuta uliobomoka.

Bibi alikasirika. Mnaijua Mafia ya wakati ule. Ukoo wa Bibi ulikuwa na damu ya Oman na mashamba ya minazi. Yule mwanamke, kwa alivyovaa, alikuwa mtu wa kulima mashamba kama hayo. Mtumwa, tuseme wazi. Bibi akaona anadharauliwa na mtu ambaye kwao angemwinukia.

"Kwani mimi nina nini cha kukimbiwa?" akauliza. "Tumeletwa wote kwa ugonjwa mmoja."

"Unameza, bi mdogo?"

"Nameza. Kwa shida, lakini nameza."

"Mimi maji yananirudi puani. Mwanangu alianza hivi hivi. Nimemzika juzi."

Bibi akatua mkeka wake chini.

Yule mwanamke akamwelekezea kidole kifuani. Kanga ya Bibi ilikuwa imelowa maziwa.

"Una mtoto anayekungoja. Kama ugonjwa wangu unao na wewe, hutapungukiwa kitu mimi nikikaa huku. Kama huna, utarudi kwake. Lala ndani."

Aliitwa Zafarani.

Kuanzia hapo waliishi hivyo, Bibi kibandani na Zafarani ukutani. Chakula kilipoletwa, Bibi ndiye aliyetangulia kuchukua fungu lake, kisha akarudi nyuma, ndipo Zafarani akaja. Alikula kidogo sana, kingi kilimshinda.

Walikuwa wanaongea kwa kupaza sauti. Bibi alisema mwanzoni alikuwa akiongea ili asisikie kimya tu. Zafarani akimweleza habari za shamba, nani alianguka mnazini, msimamizi gani alikuwa akiogopa nyoka hata wa kamba. Akicheka, koo linamkaba, anakohoa mpaka anashika ukuta. Kisha anacheka tena.

Koo la Bibi lilipona upesi. Homa ikakata, akawa anakula vizuri.

Msaidizi wa daktari alipokuja kuwaangalia alisimama mbali. Bibi akamfungulia kinywa jua likiwa linamulika.

"Nimepona! Niache niende kwa mwanangu."

"Tisa haitoki mpaka muda wake uishe, dada yangu. Mimi sina ruhusa."

"Si ulisema likiwa silo nitarudi?"

"Utarudi," akasema, akiangalia chini. "Lakini si leo."

Kila siku Bibi alikuwa akikamua maziwa yake na kuyamwaga mchangani, yasije yakakatika. Zafarani alikuwa akimwona kutoka kule. Aligeuza uso ukutani.

Maziwa yakakatika.

Siku hiyo Bibi alilia kwa sauti, hakumwonea mtu haya. Alipotulia, Zafarani akamwita. "Bi Rukia." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Umesoma chuoni wewe?"

"Nimehitimu."

"Mimi sikufundishwa. Nisomee chochote."

Bibi akakaa mlangoni pa kibanda akamsomea Qur'ani, akipaza sauti. Ikawa ndiyo desturi yao kila baada ya alasiri. Zafarani alikuwa akirudia maneno machache nyuma yake, mpaka sauti yake ilipokwisha kabisa akabaki akichezesha midomo tu.

Asubuhi moja Bibi alitoka kibandani akamkuta amelala chali, kifua kinavuta kwa nguvu na hewa haiingii. Kama mtu anayevuta pumzi kupitia tundu la sindano, ndivyo Bibi alivyosema.

Akamkimbilia.

Zafarani alimwona anakuja. Hakuwa na sauti ya kumzuia, akashika mchanga kwa kiganja akamrushia. Bibi akasimama, akajifuta machozi, akapiga hatua tena. Akarushiwa tena.

Bibi aliponisimulia hapa alikuwa anainua mkono wake mwenyewe, anaonyesha. Mchanga haukufika hata nusu ya njia, alisema. Mkono haukuwa na nguvu tena. Lakini yale macho yalikuwa yanamkataza.

Basi akasimama pale pale akasoma Yasini. Alisoma, akamaliza, akaanza tena, mpaka akaona kile kifua kimetulia. Bado akaendelea kusoma, maana alijua akinyamaza atakuwa peke yake.

Wazikaji walikuja mchana na vitambaa mdomoni. Hawakumruhusu Bibi kusogea. Walichimba kaburi karibu na ule ukuta. Mwalimu aliyekuja nao alipotaka kusoma talakini akawauliza wenzake, "Marehemu binti nani?"

Mnajua talakini, yale maneno ya kumkumbusha maiti kaburini: maiti huitwa kwa jina la mama yake.

Mmoja akasema huyu ni wa shamba la fulani. Mwalimu akasema, "Sikuuliza wa shamba gani. Nauliza mama yake."

Bibi akapaza sauti kutoka kibandani. "Hamjui! Aliniambia alichukuliwa bara akiwa mdogo sana, hamkumbuki jina!"

Mwalimu akainamisha kichwa. "Basi ni Hawa. Sote mama yetu ni Hawa."

Akazikwa Zafarani binti Hawa.

Bibi alibaki pale peke yake mpaka muda wa namba yake ukaisha. Hizo siku hakunisimulia. Nilimuuliza, akasema, "Hazina habari."

Siku ya kurudi Baleni alitembea upesi mpaka kanga ikawa inamporomoka. Mama mkwe alikuwa ameshafuta ile chokaa mlangoni. Bi Mize alikuwa amekaa barazani, amempakata Mwanaidi.

Bibi akanyoosha mikono. Mtoto akamtazama kama anavyotazamwa mgeni, akageuka, akaficha uso kifuani kwa Bi Mize.

"Atakuzoea," Bi Mize akasema. Naye alikuwa analia.

Bibi hakumvuta kwa nguvu. Angempa nini? Maziwa hakuwa nayo. Akakaa pembeni yao kwenye baraza.

Mwanaidi alimzoea, ndiyo. Lakini mimi nimekua nikimsikia shangazi yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, akimwita Bi Mize "mama" na kumwita mama yake mzazi "Bi Rukia". Hakuwa na ubaya. Ndivyo ulimi wake ulivyoanza.

Kwenye kisima cha kijijini nako wanawake wakimwona anakuja wanainua mitungi yao. Wanamwachia nafasi kubwa kuliko anayohitaji. Hawakumtukana. Walimwita Tisa. "Tisa kapita." "Ngoja kwanza Tisa ateke." Babu aliporudi safarini alilisikia jina hilo njiani kabla hajafika nyumbani, hakujua kuwa ni mkewe.

Babu hakumwacha, Mungu amrehemu. Lakini naye mwanzoni alikunjua mkeka wake upande wa pili wa chumba.

Mimi nilijua habari hizi kwa sababu nilipokuwa mdogo Bibi alinichukua mara moja kwenda Ras Kisimani. Tulipanda lori la nazi, sehemu iliyobaki tukatembea. Kaburi ni mawe ya matumbawe tu, yamepangwa. Bibi alitandika mkeka wake mbali nalo, akaanza kuongea kwa kupaza sauti, habari za nyumbani, nani kaoa, nani kafariki, bei ya mbata.

Nikamuuliza, "Bibi, mbona husogei karibu?"

"Hapendi," akasema.

Ndipo akanisimulia yote haya, tukiwa tumekaa pale. Mwisho akaniambia neno ambalo sijaweza kulitoa kichwani mpaka leo.

"Watu walikuwa wakinipa pole kwa upweke wa kule. Kule nilikuwa na mtu. Upweke niliukuta barazani kwangu, nyumba imejaa."

Nisiwachoshe.

Nilichojifunza ni kidogo. Sisi wa hospitali tuna tabia ya kusema "ile malaria ya kitanda cha mwisho imeshaandikiwa?" au "lile koo la asubuhi limerudi". Tunasema bila nia mbaya, kazi zinatukimbiza. Code ni ya system, na ni muhimu, bila hiyo huwezi kujua ugonjwa umeenea wapi. Ila mimi siku hizi nikishaiandika namtazama mtu usoni nalitaja jina lake kwa sauti, hata kama foleni ni ndefu. Wenzangu wananicheka. Wacheke tu.

Uwanja ni wenu, wakuu. Kama kwenu kuna mzee aliyewahi kukaa karantini za zamani, leteni habari zake kabla hazijapotea.

Na wewe uliyewahi kutengwa kwa ugonjwa wowote, halafu ukaambiwa umepona, rudi nyumbani: uliporudi, ilikuchukua muda gani mpaka ukajiona umefika kweli?

Niko hapa nasoma.