Mti wa Mzee Pat na Mkuyu wa Kwetu Kesses

Siku ile ninayoikumbuka, mwanangu, mvua ya Mayo ilikuwa ikinyesha kwa ubavu, nami nilikuwa nimesimama katikati ya shamba la mzee wa watu na shoka mkononi, nikijiona msichana wa maana sana.

Ngoja nianze vizuri. Mayo ni kaunti ya mashambani huko Ireland, upande wa magharibi, mahali nchi inapoishia baharini. Nilikwenda huko nikiwa msichana, kusomea uuguzi, kwa mpango wa Sista Brida, mtawa aliyesimamia zahanati yetu karibu na Kesses. Kwao Sista kulikuwa huko huko Mayo, na baba yake, Mzee Pat, alikuwa mjane aliyeishi na mbwa wake tu. Nikipata siku ya kupumzika, kwake ndiko nilikokwenda. Ule ndio mlango pekee katika kaunti nzima niliokuwa naufungua bila hodi. Na upweke, usikudanganye mtu, ni kukaa mahali ambapo kila mtu anakusalimia vizuri lakini hakuna anayekuambia njoo tule.

Mimi tangu utotoni nina macho yasiyotulia. Nilitazama kila kitu. Kuta zao za mashambani zilikuwa mawe matupu yaliyopangwa bila saruji, na bado zilisimama. Kulikuwa na mlima ambao watu waliupanda peku, wazee kwa vijana, wakisali hadi kileleni. Vilima vingine vilikuwa na mistari mirefu chini ya nyasi, kama matuta ya shamba, ila hapakuwa na kitu kilichopandwa. Nilitazama hayo yote nikayapenda. Kuuliza sikuuliza. Nilifikiri kutazama kunatosha.

Lakini kilichonishangaza kuliko vyote ni moto wao. Wanachoma udongo! Nakuambia kweli. Kwenye nchi yao ya majimaji kuna udongo mweusi, wanaukata vipande kama matofali, wanauanika ukauke kwa upepo, kisha wanautia mekoni nao unawaka polepole na harufu yake nzuri. Majirani husaidiana kuukata, leo kwako kesho kwangu, kama sisi tulivyokuwa tukipalilia mahindi. Mzee Pat alikuwa ameupanga ukutani kwa ustadi, na mimi kila nikiuona moyo unaniuma. Maskini ya Mungu, nikawaza, wanachoma ardhi kwa sababu hawana kuni.

Na mimi ni msichana wa Kesses. Mama alinifundisha kwamba huingii kwa mzee mikono ikining'inia. Katikati ya shamba lake kulikuwa na mti mmoja mfupi wa miiba, uliopindwa na upepo, na trekta lililima likauzunguka. Matawi mengine yalikuwa yamekauka. Basi siku hiyo nikachukua shoka bandani, nikavunja yale makavu, nikayafunga mzigo mzuri, kisha nikaona tawi moja bichi limekaa vibaya. Nikainua shoka.

"Weka chini!"

Mzee Pat alikuwa akija mbio kwenye mvua bila kofia, na mzee yule sikuwahi kumwona bila kofia. Alininyang'anya shoka. Hakunitukana. Aliinama, akafungua mzigo wangu, akaanza kurudisha yale matawi makavu chini ya mti, moja moja. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilijua nimeharibu, na sikujua nimeharibu nini.

Tuliingia ndani, akaniwekea chai, akanipa mgongo akitazama moto. Nikaona mlango wangu wa pekee unafungwa hivi hivi nikiuangalia. Nilitaka kuomba msamaha, lakini utaombaje msamaha wa jambo usilolijua? Mwishowe udadisi ukanishinda.

"Mzee, mti ule una nini?"

Akageuka. "Kumbe unajua kuuliza," akasema. "Miezi yote hii nilidhani umekuja kututazama tu."

Maneno yale yamenikaa moyoni hadi leo. Kisha akanieleza. Watoto, alisema, huambiwa kwamba mti wa miiba ulio peke yake ni wa watu wadogo wasioonekana, na atakayeukata hatapona. Mtoto akishakua ndipo anaambiwa lililobaki. Ile mistari ya vilimani ni matuta ya waru, yaani viazi. Ulikuja mwaka waru zilipooza ardhini, na watu wale walikuwa hawana chakula kingine. Waliopanda matuta yale walikufa, wengine wakapanda meli wakaenda zao, na hakuna aliyelima pale tena. Katika njaa hiyo baba wa babu yake alipoteza vichanga wawili kabla ya kubatizwa, na siku hizo kichanga asiyebatizwa hakupokelewa kwenye makaburi ya kanisa. Akawazika mwenyewe shambani, chini ya mti ule. Hakuna jiwe, hakuna jina. Mti ndio uliobaki kuwa jiwe lao.

Nililia, mwanangu, wala sikuona haya. Na nikiwa nalia nikasema, "Hata kwetu kuna mti kama huo." Kwa maana ulikuwepo. Mkuyu mkubwa ukingoni mwa shamba la babu, na sisi wasichana tukienda kuokota kuni tuliupita mbali. Hata tawi lililoanguka lenyewe hatukuligusa. Fikiria hapo! Adabu hiyo nilikuwa nayo tangu nyumbani. Haikunijia tu kichwani kwamba mzungu naye anaweza kuwa na kitu kisichoguswa.

Mzee Pat akasogeza kiti. "Na wenu una nini?"

Nikafungua mdomo. Hapakuwa na kitu ndani.

"Sijui," nikasema. "Babu alikataza tu."

"Yuko hai?"

"Yuko."

"Basi una bahati kunishinda. Mimi wa kuwauliza wameisha. Ukirudi, muulize."

Nikaahidi. Na nilirudi, babu akiwa bado na akili zake timamu, na kila Krismasi nilikaa naye tukinywa mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, nikimsimulia habari za Mayo. Alicheka sana kuhusu wale wanaochoma udongo. Mkuyu sikumuuliza. Kulikuwa na zamu za hospitali, kulikuwa na harusi yangu, kulikuwa na watoto, na babu nilimwona kama mtu ambaye atakuwepo tu. Kisha tukamzika.

Miaka ikapita, chuo kikuu kilicho jirani na kwetu kikakua, wanafunzi wakajaa Kesses wakitafuta vyumba. Kaka yangu mdogo, Kiprop, akaja kwangu Kapsoya, mjini nilikohamia nilipoolewa, mtu mpole kabisa, si mtu wa kudharau.

"Sister, nataka kujenga hosteli pale kwa shamba," akasema. "Lakini hiyo mti iko katikati ya ploti. Wewe ndio mkubwa. Niambie tu hiyo mti ni ya nini, na mimi nitaiacha. Haki ya Mungu nitaiacha."

"Babu alisema isiguswe."

"Najua alisema. Mbona alisema?"

Nikamwomba anipe muda. Nikaenda hadi Cheptiret kwa mama mmoja mkongwe aliyekuwa jirani ya babu. Akanishika mkono akasema, "Hiyo mzee wangu ndio angekuambia." Mzee wake alikuwa ameshafariki. Nikarudi kwa Kiprop mikono mitupu, naye akangoja bado kidogo, kwa heshima, kisha akaita watu wa msumeno.

Na unajua kilichotokea? Hakuna. Hakuna aliyeugua, hakuna ng'ombe aliyekufa. Hosteli imejaa wanafunzi, wanaanika nguo pale pale. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo. Ningeona hata balaa moja, pengine lingeniambia tulikata nini. Wajukuu wangu wanajua vichanga wa Mayo wamelala wapi. Wa kwetu, kama wapo, hakuna anayejua.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe unayekwenda siku hizi kuwatunza wazee wa nchi za watu, usiende kutazama tu. Uliza kabla ya kuinua shoka, hata kama umelishika kwa wema. Wale nao wana vitu vyao visivyoguswa. Lakini kabla hujafunga sanduku, uliza kwenu. Pale mlangoni kwangu kuna jiwe la kusagia ambalo mnaliruka kila mkija, wakubwa kwa wadogo, na hakuna aliyewahi kuniuliza limetoka wapi na kwa nini nilihama nalo. Mimi bado nipo. Chai ipo.

Mungu akufungulie mlango wa kuingia bila hodi huko uendako. Akupe mzee wa kumuuliza, na akupe moyo wa kumuuliza mapema. Na siku watoto wako watakapokuuliza, mwanangu, usifungue mdomo ukakuta hamna kitu.