Kisu cha Kukunja na Ukindu wa Haboba

Juzi pale Nateete, hapa Kampala, nilinunua kisu cha kukunja, na tangu hapo haboba wangu hanitoki kichwani. Haboba ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita nyanya. Ubapa wa kisu chenyewe umejaa michirizi, kama maji ya karai lililotikiswa. Muuzaji alikifungua na kukifunga mpaka nikachoka kutazama. "Mama, hii chuma walikunja mingi mingi, wakapiga. Hii si ya mchezo," akasema. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, najua. Lakini bei ilikuwa nafuu na nilikuwa na haja nacho.

Binti yangu anaolewa. Hataki tabaga ya sokoni, kile kifuniko cha rangi cha kufunikia chakula. Anataka niisuke mimi, kama haboba alivyomsukia mama yangu. Nilikubali palepale, tena kwa majivuno, ingawa sijagusa ukindu tangu utotoni.

Tulikaa Naguru, kambi ya polisi, kwa kuwa baba alikuwa askari. Asubuhi zetu zilianza na kishindo cha buti za gwaride, kisha harufu ya gurusa, chapati zetu nyembamba, zikiiva jikoni. Jirani yetu, mke wa sajini kutoka Gulu, alipenyeza mkono dirishani kuchukua yake kabla hata ya kutuamkia. Vyombo vikishaoshwa, haboba alitandika mkeka, nami nikaketi ubavuni mwake kuchana ukindu.

Kisu kikichoka tulishuka Katwe, kwa mafundi wanaofua visu kwa springi za malori mabovu. Kelele za nyundo pale ziliniziba masikio. Haboba hakuuliza chuma kimetoka wapi. Alifungua pindo la nguo yake, akatoa jani la ukindu alilolilowesha nyumbani, akachomeka ncha ya kisu kipya kwenye shina la jani. Kisu kikifuata mshipa wa jani mpaka mwisho, tulikichukua. Kikipotea njiani, alikilaza chini. Kumpa mtu kisu mkononi, kwake, ilikuwa kuita ugomvi. Mafundi walimjua, wakangoja kama watoto wa shule wanaosubiri matokeo.

"Usisukume," aliniambia nyumbani. "Acha kisu itembee yenyewe." Na kwangu ilitembea kweli. Wageni walipokuja aliwaonyesha ukindu niliouchana, akasema mtoto huyu mkono wake una baraka. Nilivimba kichwa siku nzima.

Kisha baba akahamishiwa Arua. Haboba alikataa kuhama, akabaki kwa shangazi, na tuliporudi Kampala tulionyeshwa kaburi. Nyumba yetu nayo haipo, pamesimama ghorofa. Kila nikipita Naguru hugeuza uso, maana machozi hayana adabu.

Basi jana nikakipima kisu changu. Nilipitisha msasa karibu na mpini na michirizi ikafutika; nikapaka siki, ambayo huirudisha michirizi ya chuma kilichokunjwa kweli, haikurudi. Ni urembo wa tindikali, nyundo haikuhusika. Kizuri hakikosi ila. Mengine sina la kulalamika: springi inakaza, mpini hauchezi, makali yalikata karatasi bila kusita. Kwa bei ile, ningemshauri hata rafiki anunue.

Nikalowesha ukindu, binti yangu akasogea kutazama. Nikachomeka ncha. Jani likachanika kombo. Nikachukua jingine, nalo likaharibika kabla ya nusu. Nikaendelea mpaka mkeka ukajaa vipande visivyofaa hata kufungia mboga.

"Mama, hii kisu ni mbaya," binti yangu akasema polepole. "Kesho turudishe."

Angenionea huruma waziwazi ningevumilia. Nilitamani sana kuitikia, nikilaumu chuma na yule muuzaji mwenye maneno mengi. Lakini nilikuwa nimekwisha kukipima.

"Kisu ni nzima, mwanangu," nikamwambia.

Miaka yote hii nimeililia nyumba ya Naguru. Mkono wangu sikuwahi kuulilia; nilidhani ninao.