Insha Yangu na Mama wa Maziwa

Nilikuwa kidato cha pili huko Kitengela, miaka ya tisini ikielekea kuisha, mwalimu wetu wa Kiswahili alipotufundisha kuandika hadithi ya kutisha. Alipita kati ya madawati akisema, "Msiniletee mashetani wenye pembe. Chukueni kitu cha kawaida mkigeuze kidogo tu. Na jambo lenyewe mlifiche. Msomaji atajitisha mwenyewe."

Cha kawaida nilikuwa nacho. Jirani yetu, mjane aliyeishi peke yake nyuma ya geti la buluu, alikuwa akiuza maziwa ya ng'ombe wake wawili. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeungua zamani, naye aliufunga kitambaa. Siku moja, nikisubiri anijazie jagi, nilimwona akipanga vikombe vitatu mezani. Hakukuwa na mtu mwingine mle ndani.

Niliiandika insha Jumapili moja alasiri. Nilitumia nafsi ya kwanza ili nisadikike. Nikadokeza mapema kwamba maziwa yale yalikuwa matamu kupita kiasi. Taharuki niliijenga polepole: geti, kitambaa, wimbo alioimba kwa sauti ya chini, vikombe. Mwishoni mtoto anatumwa maziwa, geti linafungwa nyuma yake, na wimbo unaendelea. Sikueleza zaidi. Sikutaja jina la mtu, lakini geti nililiacha buluu, maana kila rangi nyingine niliyojaribu iliipoozesha hadithi.

Mwalimu aliisoma darasani, kisha gwarideni mbele ya shule nzima. Msichana mmoja alipiga kelele kwa woga. Wiki hiyo nilitembea kifua mbele.

Kisha watoto wakaanza kukimbia kila walipofika kwenye geti lile. Wakawaambia mama zao kwamba pale pana kitu. Mama zao hawakuuliza ni kitu gani. Walianza tu kununua maziwa kwingine. Mama yangu, ambaye hakuwa amesikia lolote, aliendelea kunituma. Asubuhi moja nilimkuta jirani akiwamwagia mbwa sufuria nzima ya maziwa yaliyoharibika.

"Kwani watu wamesikia nini juu yangu?" akaniuliza. "Wewe uko nao shuleni. Niambie tu, mama."

"Sijui," nikasema, nikamnyooshea jagi.

Alilijaza, akaniongezea kidogo kama kawaida yake. Siku hiyo chai ilinishinda kunywa. Muhula haukuisha kabla hajauza ng'ombe na kuhamia kwa dada yake, Kajiado.

Miaka kama minane baadaye niliajiriwa ualimu huko huko Kajiado. Nikamwona sokoni akiuza vitunguu. Mara mbili nilivuka barabara kumkwepa. Mara ya tatu nilisimama. Alinitambua, akacheka kwa furaha, akaniuliza habari za mama. Furaha ile ndiyo iliyonimaliza. Nikachuchumaa nikamwambia yote.

Hakupandisha sauti. "Hebu nisimulie," akasema.

"Nini?"

"Hiyo hadithi. Mimi sijawahi kuisikia."

Nilimsimulia huku nikikwama. Nilipofika kwenye vikombe, aliinamisha kichwa.

"Kimoja cha mzee, kimoja cha msichana wetu," akasema. "Walienda na ule moto ulionichoma mkono. Ungeniuliza, ningekuambia."

Nilianza kumwomba msamaha, lakini mteja alikuwa amefika, mama wa Kimaasai. Wakasalimiana, "Supa," "Ipa," wakapatana bei, na mimi bado nimechuchumaa pale chini. Mteja alipoondoka, akanigeukia.

"Nimekusikia. Sasa nenda, niache niuze."

Nikaenda. Hakusema amenisamehe, nami sikupata ujasiri wa kurudi kumuuliza.

Mpaka leo, nikifundisha taharuki, wanafunzi huniomba niwasomee hadithi niliyoiandika mwenyewe. Huwaambia kwamba sijawahi kuandika hata moja.